Kuku Asiyeonyesha Mfupa

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, kuku aliyechinjwa kwa ajili ya mgeni hafiki mezani akiwa nyama tupu, bali hufika akiwa hukumu. Kwa maana kila kiungo chake kina mwenyewe, na yule anayepakua, kabla hajatia mwiko chunguni, amekwisha kupima umri, ujamaa, hadhi na deni la ukarimu, ndipo firigisi ikamwendea huyu, paja likamwendea yule, na shingo na mabawa yakabaki kwa watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni. Si kusudi langu kuitukuza sana mila hiyo, maana ilikuwa na dhulma yake: katika enzi za mababu, Waluo na wengi wa majirani zao waliwanyima wanawake nyama ya kuku na mayai, ingawa ni wao waliolea vifaranga na kuwafukuzia mwewe. Walakini, iwe haki au dhulma, mgawo ule ulifanyika hadharani, na aliyepewa shingo alijua kwamba amepewa shingo.

Nageti ya kuku, kitoweo hicho cha kigeni ambacho watoto wa mijini hukijua kabla hawajajua kuchinja wala kunyonyoa, imekuja kuifuta hesabu hiyo yote. Haina firigisi, kwa hiyo haina mkubwa. Haina shingo, kwa hiyo haina mnyonge. Kila kipande kinalingana na mwenzake kwa uzani, kwa rangi na kwa ladha, na bibi aliyewahi kula yai kwa kujificha angeweza kuona ndani yake aina fulani ya insafu. Nami naikubali fadhila hiyo. Ninalolitilia shaka ni thamani iliyolipwa ili usawa huo upatikane, nayo ni kwamba mlaji ameondolewa ujuzi wa kile anachokila. Na ili shaka yangu isije ikadhaniwa kuwa ni chuki ya mzee kwa vitu vipya, imenilazimu kwanza nieleze namna kitu chenyewe kinavyofanywa, kwa sababu mengi yasemwayo vijiweni juu yake, kwamba eti ni midomo na kucha zilizopondwa, ni porojo.

Asili yake ni chuoni, wala si katika mkahawa. Robert Baker alikuwa mwalimu wa elimu ya vyakula katika Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, na haja iliyomsukuma haikuwa hadaa, bali ni mashaka ya wafugaji ambao, baada ya Vita Kuu ya Pili, walikuwa na kuku wengi kuliko wanunuzi. Kwani kuku mzima alimshughulisha mpishi saa nyingi, na hakuweza kushindana na nyama ya ng'ombe iliyokuwa imekwisha kusagwa, kukatwa na kufungwa tayari. Mwaka 1963 Baker na mwenzake Joseph Marshall walitatua mambo mawili yaliyowashinda watu: la kwanza, namna ya kuishikamanisha nyama ya kuku iliyosagwa bila kuitia ndani ya utumbo kama soseji, na la pili, namna ya kulifanya ganda la nje lisibambuke, ilhali kitu chenyewe husinyaa kikigandishwa na kuchachatika kikikaangwa. Waliisaga nyama mbichi pamoja na chumvi na siki ili itoe unyevu wake wenye kunata, wakaongeza maziwa ya unga na unga wa nafaka, wakaitia umbo, wakaigandisha, wakaivika ganda, kisha wakaigandisha mara ya pili. Jambo la shani ni kwamba Baker hakujiandikishia haki ya uvumbuzi huo. Aliupiga chapa katika majarida ya chuo na kuyapeleka kwa wenye viwanda, kila apendaye autumie. Alifariki mwaka 2006, na katika mabilioni ya vipande vilivyoliwa hapana hata kimoja kilichomletea mrabaha.

Waliopata faida ni wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati serikali ya Marekani ilipokuwa ikiwashauri raia wake wapunguze nyama nyekundu, kampuni ya McDonald's ilianza kutafuta kuku wa kuliwa kwa vidole, na kufikia mwaka 1983 nageti zake zilikuwa zikiuzwa nchi nzima. Kampuni hiyo ilizipa maumbo manne yasiyobadilika: mpira, kengele, kiatu cha buti, na la nne ambalo wengine huliona tai ya shingoni na wengine huliona mfupa. Ikiwa hao wa pili wamesema kweli, basi huo ndio mfupa pekee ambao mlaji wa nageti ameruhusiwa kuutazama.

Kiwandani kazi huanza kwa kuku wa broila, ambaye huchinjwa akiwa na wiki tano au saba, umri ambao kuku wa kienyeji wa Ndhiwa au Nyatike huwa bado ni kifaranga anayemfuata mamaye. Nyama ya kidari, na pengine ya mapaja, huondolewa mifupani na kusagwa, si laini kama ya sambusa, bali chengachenga ili meno yapate cha kutafuna; kisha hutiwa katika pipa linalozunguka pamoja na maji, chumvi, wanga, viungo, na aghalabu fosfeti, ambayo kazi yake ni kuifanya nyama iyashike maji isiyaachilie jikoni; na ngozi ya kuku nayo hutiwa kwa kiasi, maana mafuta yake huleta utamu. Chumvi na mzunguko ule huitoa ndani ya nyama protini yenye kunata, na hiyo ndiyo gundi ya kweli ya nageti, wala hapana uchawi mwingine. Mchanganyiko huo hupozwa hata ukaribie kuganda, kwa sababu ukiwa na joto haukubali umbo. Hushindiliwa katika vibao vyenye matundu, ukatoka vipande vipande. Navyo hupita juu ya mkanda vikinyunyiziwa unga mkavu, vikaoga katika uji mzito wa ngano na mahindi, vikazama katika mafuta ya moto kwa muda usiofika dakika moja, ambao haukusudiwi kuviivisha bali kulikaza ganda. Ndipo vikaingia tanurini viive, na kutoka tanurini vikaingia katika upepo wa baridi kali, kila kimoja kikaganda peke yake bila kushikana na mwenziwe. Tangu hapo hukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, vikasafiri nchi hadi nchi vikihitajika, na yule kijana wa mkahawani anayevizamisha tena mafutani kwa dakika tatu au nne hapiki kitu, bali anakipasha moto kilichopikwa na watu asiowajua katika mji asiowahi kuuona.

Hiyo ni nageti njema. Iko nyingine, na ndiyo iliyoleta sifa mbaya: kiunzi cha kuku, yaani mgongo na mbavu zenye chembechembe za nyama zisizofikiwa na kisu, husukumwa kwa nguvu nyingi dhidi ya chujio la chuma, mfupa ukabaki upande mmoja, na upande wa pili ukatoka ute mzito wa rangi ya waridi ambao ni nyama, mafuta, uboho na gegedu kwa pamoja. Sheria za Marekani zinamlazimisha mtumiaji wa ute huo autaje kwa jina lake juu ya boksi, na kampuni kubwa kadhaa, McDonald's ikiwamo tangu mwaka 2003 ilipohamia nyama nyeupe tupu, zimetangaza kwamba haziutii katika nageti zao. Hata hivyo, mwaka 2013 madaktari wa Chuo Kikuu cha Mississippi walichukua nageti kutoka migahawa miwili ya mji wa Jackson, wakazikata na kuzitia chini ya hadubini. Moja ilikuwa na nyama ya msuli kiasi cha nusu, na nyingine haikufika hata hapo, na iliyobaki ilikuwa mafuta, mishipa ya damu, neva, gegedu na vichembe vya mfupa. Nageti mbili si ushahidi wa dunia nzima. Lakini zatosha kuonyesha kwamba mtu anaweza kula kitu miaka mingi bila ulimi wake kumwambia nusu yake ni nini.

Hapa ndipo wahubiri wa siha hupenda kutumia kinyaa. Mwaka 2010 mpishi Mwingereza Jamie Oliver, akiwa katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, alisaga mabaki ya kuku mbele ya macho ya watoto, mifupa na ngozi pamoja, akayachuja, akayakoleza, akayaviringisha katika chenga za mkate na kuyakaanga, akitumaini kwamba watachukizwa. Na alipouliza ni nani angali anataka kula, mikono ikainuka. Waliolitazama jambo hilo wakasikitika juu ya watoto wa Marekani. Mimi naona watoto wale ndio waliokuwa na mantiki, kwa maana walionyeshwa kila kitu, tangu mgongo hata ganda, na walipokula walikula kwa ujuzi. Kusaga nyama na kuibana kwa chenga za mkate si dhambi. Wapishi wa Mombasa na Lamu wangekuwa wa kwanza kutiwa hatiani kwa ajili ya katlesi na kababu zao. Wala kula kilichobaki mfupani si fedheha.

Na kama kuna watu duniani wasioweza kutishwa kwa mfupa, ni watu wa ziwa hili letu la Viktoria. Mbuta, ambaye ndugu zetu wa Tanzania humwita sangara, hakuwamo ziwani tangu asili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala samaki wadogo wadogo waitwao fulu waliokuwa wengi kupita kiasi, akanenepa, na kufikia miaka ya 1980 akawa bidhaa ya ng'ambo. Vikajengwa viwanda Kisumu na kandokando ya ziwa, na ndani yake kazi ikawa ni moja: samaki analetwa katika barafu, wanaume na wanawake waliovaa meupe wanamchuna ngozi, wanautoa mnofu wa ubavu huu na wa ubavu huu, mnofu unaganda na kuingia katika maboksi ya kwenda Ulaya, na juu ya meza kinabaki kichwa, mkia, na uti wa mgongo uliounganisha viwili hivyo. Kwa uzani, kilichobaki ni kama nusu ya samaki au zaidi.

Kilichobaki hicho ndicho mgongo wazi. Akina mama walikisubiri langoni mwa kiwanda, wakakinunua kwa rundo, wakakianika juani au kukikausha kwa moshi, wakakikaanga katika karai kubwa za mafuta hata chembe za nyama zilizosalia baina ya miiba zikakauka na kutoa harufu inayomsimamisha mpita njia. Na mtaa wa Obunga, Kisumu, ukajulikana kwa kazi hiyo moja kiasi kwamba huwezi kuutaja bila kuitaja. Kutoka huko viunzi hivyo vikasambaa masoko yote ya kusini mwa Nyanza, na mtu wa kipato haba, ambaye mbuta mzima alikuwa amekwisha kumpanda bei, akapata kitoweo cha ugali wake. Kichwa pengine kiliuzwa peke yake, nacho hadi leo kina wapenzi ambao hawakibadilishi kwa mnofu, kwa kuwa mashavu ya mbuta na mafuta yaliyo nyuma ya macho yake ni vitu ambavyo Ulaya haijapata kuonja.

Wenzetu wa Mwanza huyaita mabaki hayo mapanki, na ni wao waliopata kuonekana duniani kote mwaka 2004 katika filamu ya Hubert Sauper iitwayo Darwin's Nightmare, ambamo vilionyeshwa viunzi vya samaki vikianikwa katika matope na moshi, hata watazamaji wa Ulaya wakajiona wanakula riziki ya maskini. Filamu ile iliiudhi mno serikali ya Tanzania. Kwa rai yangu, filamu hiyo ilikuwa na haki ilipouliza mnofu umekwenda wapi na fedha yake imebaki mfukoni mwa nani. Ila ilikosa adabu ilipoufanya mfupa wenyewe kuwa alama ya unyama, kana kwamba mwanamke anayekaanga kiunzi amepungukiwa na ubinadamu. Kwa hakika alikuwa akifanya kazi ileile ya Baker, yaani kutafuta chakula pale ambapo mwenye kisu ameona taka, tena aliifanya bila chuo na bila jarida.

Tafauti ni kwamba yeye hakukificha. Mgongo wazi unalala juu ya meza ya soko la Homa Bay ukiwa na macho yake, meno yake na kila pingili ya uti wake; mnunuzi anaugeuza, anaunusa, anahesabu nyama iliyomo, analalamika, anaondoka, anaitwa, anarudi; na bei wanayokubaliana ni bei ya mfupa wenye nyama kidogo, wala hapana aliyedhani amenunua mnofu. Nageti ya ute hufuata njia ya kinyume: huuchukua mgongo, ikaufutia sura, ikauvika kanzu ya dhahabu, kisha ikauuza kwa bei ya kidari. Kwa hiyo, nikiulizwa ni kipi kati ya viwili hivi ndicho chakula duni, sitatazama kilichomo tu, bali nitatazama kama muuzaji anaweza kukiweka mezani uchi mbele ya mnunuzi na bado akakiuza.

Kuna jambo jingine linalotufunga sisi na kuku wa nageti kuliko tunavyodhani. Katika miaka ya 1990 viunzi vya mbuta vilipata mnunuzi mpya, mwenye mfuko mzito kuliko mama wa karai: nao ni wasaga unga wa samaki kwa ajili ya chakula cha mifugo. Omena, yaani dagaa wa ziwa hili, nao wameingia njia hiyo hiyo. Anayepita asubuhi katika fukwe za Sori na Muhuru, au Mbita na Sindo, huwaona wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, fedha tupu hata macho yaume, baada ya wavuvi kukesha nao usiku kwa taa. Na sehemu kubwa yao haiingii katika sufuria ya mtu, bali hupakiwa magunia ikaenda kusagwa kuwa chakula cha kuku. Basi samaki ambaye mtoto wa Nyatike angemla akiwa mzima, kichwa na mifupa, akapata kalsiamu na protini kwa shilingi chache, anageuzwa unga, unga unageuzwa broila, na broila anageuzwa nageti, na katika kila hatua kuna anayelipwa na kuna kinachopotea, maana kuku hali kilo moja ya protini akatoa kilo moja. Sisemi wavuvi wasiuze. Bei nzuri ni haki yao, na mwanamke anayelipia ada ya shule kwa omena haulizwi wanakwenda wapi. Lakini hesabu hii ilipaswa kufanywa na walio na kalamu na bajeti za kaunti, ambao nawasikia wakizungumza viwanda kila msimu wa uchaguzi, na sijawasikia wakizungumza nani atakula nini kiwanda kikisimama.

Ama kuhusu siri, watu wa Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa tangu zamani, watafahamu upesi kwa nini nimeikazania. Kwao, kama kwa watu wa pwani yote, nyama si nyama mpaka ijulikane imechinjwa na nani na kwa jina la nani, na ushahidi wake wa mwisho ni shingo yenyewe. Nyama iliyopondwa haina shingo ya kushuhudia. Na hofu hii si wasiwasi mtupu: mwaka 2003 ilifichuliwa nchini Uingereza kwamba vidari vya kuku vilivyopitia viwanda vya Uholanzi, vingine vikiuzwa kwa jina la halali, vilikuwa vimedungwa maji pamoja na protini iliyotokana na ng'ombe, na vingine na nguruwe, ili viyashike maji hayo na kuongezeka uzani. Vile vilikuwa vidari kamili, vyenye sura ya kuku, sembuse kilichosagwa. Aliyedhulumiwa hapo hakuwa Mwislamu peke yake, bali hata Mhindu asiyekula ng'ombe, na hata yule asiye na mwiko wowote, ambaye alilipia kuku akabeba maji.

Kwa hiyo sitaki nageti ipigwe marufuku, wala sitamnyang'anya mtoto wa mtu furaha yake ya siku ya kuzaliwa. Ninachotaka ni kidogo, na kwa Shirika la Viwango la Kenya si kazi ngeni: juu ya kila boksi, na juu ya kila ubao wa bei katika mkahawa, yaandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, na kwa herufi zinazolingana na zile za jina la kampuni, ni sehemu gani ya kuku iliyomo, ni kiasi gani kwa mia, na nini kingine kilichoongezwa, kama ni kidari, iwe kidari, kama ni ngozi, iwe ngozi, na kama ni ute wa mgongo uliokamuliwa, uandikwe hivyo bila haya. Wenye viwanda hujibu kwamba mnunuzi akiyasoma hayo atakimbia. Jibu hilo huwa wanalitoa watu ambao hawajasimama katika soko la Homa Bay saa kumi na moja jioni, wakaona watu wenye kazi zao na akili zao wakigombania kichwa cha mbuta, miiba na macho na yote, huku wakimsuta mwuzaji kwamba leo amekipunguza.